Bibi Hiki Nini na Fundi Cherehani

Watoto ndio waliompachika jina la Bibi Hiki Nini, na likamkaa kama aliyezaliwa nalo. Kutwa kucha kazi yake ilikuwa kuonyesha picha na kuuliza, "Hiki nini?" Asubuhi aliwapima watoto waliochelewa kusema, mchana watu wazima ambao maneno yamewaponyoka. Hata nyumbani mumewe alikuwa akiinua mwiko na kumwuliza, "Hiki nini?" naye humjibu, "Dawa ya wachokozi."

Kazini lakini hakuwa na mzaha. Sheria ya kipimo ni moja: usisaidie, usitabasamu, usitikise kichwa. Mtoto akiona picha ya kuku akasema "mboga," ni kosa, hata kama mate yanamtoka. Sheria hiyo ilimkera, maana kukaa umekunja uso huku mwenzako anahangaika kutafuta neno ni ukatili tu, lakini aliifuata.

Mchana mmoja akaletewa fundi cherehani, mtu wa makamo aliyepigwa na kiharusi. Mkono ulikuwa umeanza kupata nguvu. Ulimi ndio uliogoma. Mkewe alikaa pembeni, mkoba mapajani.

"Dada, niambie ukweli, usinifiche," alisema. "Shemeji yangu anakuja kesho kuichukua cherehani. Anasema fundi asiyeweza kuongea na wateja ni fundi gani? Maneno yapo au hayapo?"

"Tutaona, mama."

Picha ya kwanza ilikuwa dirisha. Fundi akakodoa macho, akameza mate. "Pazia." Kosa. Kitanda. "Shuka." Kosa. Mwanamume anayetembea. "Su... suruali." Kosa tena. Mkewe akainamisha kichwa, na Bibi Hiki Nini akaona uchungu kana kwamba yeye ndiye aliyemnyang'anya cherehani.

Ikaja picha ya meza. "Kitambaa," akasema fundi bila kusita. Meza ilikuwa tupu, haina hata uzi juu yake. Bibi akabaki ameishika ile picha. Ebo! Huyu mtu hakosei ovyo. Kila kitu anakivalisha nguo kwanza!

Akazisukuma picha kando, akavua koti lake jeupe, akamwekea mapajani.

"Fundi, hiki nini?"

"Kola." Kidole kikateremka. "Kifungo. Tundu. Mfuko." Sauti ilikuwa nzito, lakini maneno yalifuatana. Akaligeuza koti ndani nje, akanuna. "Mshono... ovyo."

Bibi akacheka waziwazi, sheria na iende zake. "Mama, maneno yapo. Tulikuwa tunabisha mlango usio wake. Tutaanzia kwenye nguo, na polepole hata dirisha tutalifikia. Itachukua muda, lakini tutafika."

Mke alikuwa akijifuta machozi kwa mkono wa gauni lake. Fundi akamkazia macho, akaushika ule mkono.

"Pindo limefumuka," akasema. "Nani... kashona hii?"

"Si wewe mwenyewe!" Mkewe akaangua kicheko katikati ya kilio. Tangu augue hakuwahi kumpa sentensi nzima, na ya kwanza imekuwa lawama.

Fundi akalitazama lile pindo tena, safari hii kwa aibu kidogo. "Basi... nitarudia."

Mkewe akafungua mkoba, akatoa simu.

"Shemeji," akasema, "kesho usije. Cherehani ina kazi."