Jibu langu kwa mama wa kakao

Tulikuwa watu sita wenye blogu, na hakuna aliyekuwa amemwona mwenzake kwa macho, isipokuwa mimi na fundi wa cherehani wa hapa mtaani kwetu Mususa. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kufungua ukurasa wangu kwenye simu. Nilimwambia kwamba mimi niliishia shule ya msingi na kwamba naandika polepole. Alisema hiyo haina shida, kwa sababu hata yeye hushona polepole na watu wanavaa.

Kanuni yetu ilikuwa moja, na ilitoka kwenye mashamba ya kwetu. Huko kijijini Kipese kwa bibi yangu, ukimkuta mtu analima kando ya njia, hupiti kimya. Unasimama, unampa pole ya kazi, anakuitikia, ndipo unaendelea. Basi nasi tulikubaliana kwamba ukisoma andiko la mwenzako, usipite kimya. Acha hata neno moja.

Kanuni hiyo ilitusaidia sana. Mimi ambaye kanisani hukaa karibu na mlango ili nitoke kabla ya watu kuanza kusalimiana, nilianza kupata watu wanaoniuliza habari ya mbao zangu. Nafanya kazi kwenye karakana ya useremala, na nilikuwa naandika juu ya viti na vitanda. Aliyeniuliza zaidi ni mama mmoja aliyekimbia mauaji ya upande wa Eringeti, akawa anaishi Beni kwa familia iliyompokea. Aliandika juu ya shamba lake la kakao aliloliacha, kila mti kama mtoto. Sisi tulimwita mama wa kakao.

Alhamisi moja aliandika maneno machache: "Kakao imeiva. Mutoto wa dada yangu anasema njia imekuwa muzuri. Siku ya kwanza asubui nataka niende nivune. Niende, ao niache ioze? Munijibu, batoto yangu."

Siku ya kwanza kwetu ni Jumatatu. Nilisoma andiko hilo saa sita, nikiwa nimekaa juu ya rundo la mbao, na jibu likanijia papo hapo: Mama, hapana kuenda.

Maneno matatu. Hata mimi ningeyaandika kwa dakika moja.

Lakini niliona haya. Kijana hawezi kumwambia mama mzima usiende, hivyo tu, bila salamu, bila kueleza, kama anayefukuza mbuzi. Na maelezo nilikuwa nayo. Baba yangu mdogo alirudi kuvuna kakao upande uleule, baada ya kuambiwa vilevile kwamba njia ni nzuri. Kilichorudi ni gunia lake, lililoletwa na watu waliolikuta njiani. Nyumbani hatulisemi jambo hilo. Sikuwahi kuliandika popote.

Nikachukua karatasi, kwa maana mimi huandika kwanza kwa kalamu, ndipo nahamishia kwenye simu. Ijumaa nilimaliza salamu. Nilimuuliza ameamkaje, na familia iliyompokea inaendeleaje. Jumamosi nilifika kwa baba mdogo nikakwama. Nilifuta, nikaandika tena. Patron wangu, mwenye karakana, alikuja akasimama nyuma yangu.

"Iyo barua uko naiandika ao uko naichonga?" aliniuliza. "Siku tatu. Unaandikia gavana?"

Wenzangu wa karakana walicheka, nami nikaficha karatasi chini ya randa.

Muda wote huo nilijipa moyo kwamba wengine wanne wameshamjibu. Niliona majina ya kurasa zao chini ya andiko lake, yote manne, nikafikiri kazi imefanyika na langu litakuwa la kuongezea tu. Sikuyafungua kuyasoma, maana nilikuwa natunza mega za intaneti za kutuma jibu langu.

Jumapili kulikuwa na ibada ndefu. Jumatatu mchana nilimaliza kunakili, nikatuma. Ndipo nikasoma ya wenzangu. Mmoja alikuwa ameandika: "Pole na kazi, mama." Mwingine: "Mungu akutangulie." Wa tatu alimwomba amletee mbegu. Fundi wa cherehani aliandika kwamba mama akiuza kakao atamshonea kitenge. Hakuna aliyemjibu alichouliza. Wote walisimama kando ya njia, wakatoa pole, wakapita.

Nilikimbia hadi kwa fundi. Nilimuuliza kama ana namba ya simu ya yule mama. Alisimamisha cherehani.

"Namba? Hapana. Siye tunajuana kwa ukurasa tu." Halafu akaniangalia. "Lakini nilimujibu. Si uliona nilimujibu?"

Niligeuka nikarudi karakana.

Mwenzetu mmoja anayekaa Beni alizunguka mtaa kwa mtaa hadi akaipata familia iliyompokea. Walimwambia kwamba aliondoka Jumatatu alfajiri na magunia mawili matupu, na kwamba simu yake haikuwa na moto, yaani chaji. Tangu hapo hawajasikia habari. Labda anavuna. Watu wengine hukaa huko wiki nyingi hadi kakao ikauke. Hivyo ndivyo fundi anavyoniambia kila ninapopita, nami naitikia.

Patron ameacha kunitania. Simu yangu ikipata moto, nafungua ukurasa wake kwanza. Zile salamu nne bado zipo, na chini yake jibu langu refu linaloanza kwa kumuuliza ameamkaje. Yale maneno matatu niliyaweka mwisho kabisa, baada ya gunia la baba mdogo.