Bia Iliyovaa Soksi

Kila Desemba sebule yangu hapa Jakobsberg, Uswidi, hugeuka mahakama kuu ya bia. Sisemi zile bia za kukata kiu. Nasema bia za sikukuu, zinazotengenezwa na viwanda vidogo, nyeusi tititi, nzito kama uji wa mzazi, zenye ladha ya keki, kahawa, biskuti za tangawizi na vitu vingine ambavyo watu wenye akili timamu huvila kwa kijiko. Moja ilikuwa na zafarani nyingi hata rafiki yangu Mtanzania, anayekuja kutoka Jordbro kwa ajili ya kikao hiki tu, akauliza pilau yenyewe iko wapi.

Sheria yetu ni moja: hakuna kuona lebo. Kila mtu huleta chupa alizonunua kwenye duka la pombe la serikali, na dada yangu anayeishi Alby huzivalisha soksi za sufu kule jikoni kabla hazijaletwa mezani. Dada ni mlokole asiyegusa hata sharubati iliyolala, ndiyo maana tukampa urefa. Jaji mkuu ni mimi. Nilimaliza shule ya jioni hapa hapa, cheti changu kimetundikwa ukutani kwa fremu kubwa kuliko televisheni, kwa hiyo sioni ni nani mwingine angefaa.

Mwaka jana kikao kilipata mgeni, kijana wa Kiswidi aliyetaka kumwoa binti yetu wa pekee. Binti alikuwa amesema haolewi bila baraka ya baba yake, na mimi nilikuwa nimeikalia hiyo baraka kama kuku anayeatamia.

Kijana hakuwa na baya lolote. Ana kazi, ana heshima, Kiswahili amejifunza kwa binti yangu mpaka anasalimia kunishinda. Shida yake ilikuwa ukweli. Nikisimulia kwamba mwaka niliofika nchi hii theluji ilipanda hadi ghorofa ya tatu, yeye huuliza kwa upole, "Ghorofa ya tatu, mzee, au ngazi ya tatu?" Mtu kama huyo utamwachiaje wajukuu? Watakua bila hadithi hata moja.

Tena alikuwa na hobi ya kupika bia nyumbani kwake, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Kwetu Murang'a, anayeposa huleta pombe. Baba wa msichana haionji mpaka amuulize binti mbele ya watu kama ainywe. Binti akikubali na baba akanywa, basi, mambo yamekwisha, huwezi kuitapika. Kwa hiyo kila mara kijana huyo alipokuja na chupa yake nilipata udhuru. Mara tumbo, mara dawa za meno, mara nimefunga Kwaresima. Ilikuwa Oktoba.

"Kwaresima ya nani hiyo?" mke wangu aliniuliza jikoni.

"Ya kibinafsi," nikamjibu.

Basi, Jumamosi ile tukaketi. Ilikuwa alasiri bado, lakini nje giza lilishaingia kama kawaida ya Desemba, na vinara vya umeme viliwaka kwenye madirisha ya jirani wote. Binti ndiye aliyekuwa akitembeza glasi. Soksi ya kwanza nikaihukumu: "Chokoleti iliyolowa mvua." Ya pili: "Dawa ya kikohozi, tena ya watoto." Mtanzania akasema mimi sina ulimi, nina kiatu. Mke wangu akasema hiyo ya pili ni yake, na kwamba chakula cha jioni nitajipikia.

Ikaja soksi ya tatu, nyekundu, yenye kidole kilichotoboka. Nikainusa. Iliki! Nyuma ya iliki, harufu ya mandazi yanayotoka kwenye mafuta asubuhi ya Krismasi. Nikaitikisa glasi kama wanavyofanya wataalamu, nikamgeukia binti kwa mbwembwe zangu za kijaji.

"Hii je, mwanangu? Ninywe au nimwage?"

Sasa, binti yangu amezaliwa hapa. Nikimwuliza jambo kwa Kiswahili, hunijibu kwa Kiswidi, tangu ana meno mawili. Siku hiyo akajibu kwa Kiswahili safi kama cha redioni.

"Kunywa, baba."

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Sikushtuka. Nikanywa. Nikafumba macho. Nikatoa hotuba. Nilisema huyu aliyetengeneza kinywaji hiki apewe nchi aiongoze. Nilisema marehemu mama yangu angeamka, anywe, alale tena akitabasamu. Nilikuwa bado natafuta cha kuongeza dada yangu alipotoka jikoni na kupiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga bomba.

Akaivua ile soksi. Chupa haikuwa na lebo. Kijana alikuwa mwekundu kuanzia kola hadi masikio.

"Hapana," nikasema. "Hapana, hapana. Hii haihesabiki. Nilidanganywa!"

"Umemwuliza binti mbele ya watu," dada akasema. "Amekujibu. Umekunywa. Halafu ukahubiri."

"Pombe ya posa haivai soksi!"

"Desemba ya Uswidi? Hata wewe umevaa mbili mbili."

"Mie shahidi," akadakia Mtanzania. "Umesema apewe nchi, bwana. Sasa mtoto utamnyima?"

Kila mtu alicheka isipokuwa binti. Alikuwa ameikamata ile soksi kwa mikono miwili na kuikunja, kuikunjua, kuikunja tena. Nilijua bado ningeweza kukataa, na kwamba nikikataa hatagombana nami hata neno moja. Angezikusanya zile glasi, aende kuziosha. Ubishi wote ukanitoka.

Lakini jaji hawezi kushuka kitini hivi hivi. Nikamgeukia kijana.

"Nieleze ulivyoipika bia hii. Ila ukinitajia vipimo tu, narudisha glasi mezani."

Nilimwona akihangaika, midomo ikicheza, kama mtu anayesukumwa kwenye maji ya baridi.

"Mzee," akasema mwishowe, "niliipika kwenye sufuria kubwa. Kubwa kama... kama kituo cha treni cha Jakobsberg."

Mtanzania akaishusha glasi yake mezani.

"Pamoja na maegesho," akaongeza. Kisha, maskini, akashindwa kujizuia: "Lakini si kubwa sana."

"Atajifunza," mke wangu akasema.

Nikainua glasi, nikainywa mpaka chini kabisa. Povu lilibaki kwenye sharubu na sikulifuta, ili mashahidi wote walione vizuri. Binti alinirushia ile soksi kifuani, akaniambia kwa Kiswidi kwamba mimi ni mzee wa ajabu.