Trekta la Kinyozi na Mama Mkwe

Mtaani hakuna aliyemwita kinyozi yule kwa jina lake. Walimwita Dokta, kwa sababu ya koti jeupe alilovaa kazini, lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama kama kisu. Kucha zake zilikuwa safi kuliko za bibi harusi. Mteja akipiga chafya, Dokta alikwenda kunawa. Nyumbani alikuwa vivyo hivyo, na taabu ilianzia hapo, maana kila Jumatatu duka lilifungwa.

Siku nyingine zote alikuwa mtu mtamu kabisa. Jumatatu alikuwa adhabu. Alizunguka nyumba nzima akinyoosha mapazia yaliyokwisha kunyooka, akifunua masufuria, akimweleza mkewe namna bora ya kukata vitunguu. Mkewe alikuwa nesi, mwanamke wa maneno machache, na siku moja alirudi kutoka zamu akakuta kabati lake la nguo limepangwa upya kwa kufuata rangi.

"Mume wangu," alisema, akijibwaga kitandani na viatu vyake vya kazi, "nakuomba kwa heshima zote. Tafuta kitu cha kufanya. Chochote kile. Ila kiwe nje."

Hazikupita siku nyingi, kitu chenyewe kikajileta. Mtunza bustani wa nyumba moja kubwa ya wageni alikuwa amekaa kwenye kiti cha kunyolea, kidevu kimejaa povu, akipiga soga. Akasema wanasafisha banda la vifaa, na humo kuna trekta dogo la kukatia nyasi, la zamani sana, ambalo halijawahi kuwaka tangu yeye aajiriwe. Kesho wanakuja wanunuzi wa vyuma chakavu kulichukua.

Wembe ukasimama hewani.

"La kukalia?" Dokta aliuliza. "Lenye usukani?"

"Lenye usukani. Lakini ndugu yangu, usiniache nusu uso."

Dokta alikuwa na sababu yake. Alipokuwa mdogo, mama yake alilazwa hospitali kwa muda mrefu. Kila alipopelekwa kumwona, aliishia dirishani, akimtazama mtu aliyezunguka uwanjani juu ya trekta jekundu, akikata nyasi bila haraka, nyuma yake ikibaki njia ya kijani iliyonyooka sawasawa. Wodini kulikuwa na vilio na harufu ya dawa. Kule nje kila kitu kilikuwa kinawekwa sawa. Watoto wenzake walitaka kuwa marubani. Yeye alitaka kuwa yule mtu, na hakuwahi kumwambia yeyote, maana ungeanzia wapi?

Jioni hiyo alifunga duka mapema. Trekta alilikuta kwenye kona ya banda, limeegemezewa ngazi na mifuko ya mbolea. Rangi ilikuwa imebaki vipande vipande. Matairi yalikuwa yamelala, kiti cha chuma kimeliwa na kutu, na ndani ya boneti panya walikuwa wamejenga na kuhama vizazi kadhaa. Alipangusa kiti kwa leso yake, akakaa, akashika usukani. Mtunza bustani alikuwa anamtazama, basi hakutoa sauti ya injini kwa mdomo, lakini ilimfika kooni.

"Ukiweza kuliondoa, ni lako," aliambiwa.

Liliingia nyumbani juu ya mkokoteni. Nesi alitoka, akashika kiuno, akalizunguka mara moja.

"Nilisema kitu," alisema. "Sikusema maiti."

Barazani, kwenye kiti chenye mito miwili, alikaa mama yake nesi. Bibi huyu aliletwa pale baada ya kuanguka na kuvunjika mguu. Mguu ulikuwa umepona zamani, lakini binti yake hakuwa amepona ile hofu. Mama asiinue ndoo. Mama asishuke ngazi. Mama apumzike. Mwanamke aliyelima na kufuga maisha yake yote sasa alipumzishwa kuanzia asubuhi hadi jioni, mpaka kupumzika kwenyewe kukawa kunamchosha.

Kati yake na mkwewe kulikuwa na heshima nzito isiyopenywa na neno. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Umeamkaje?" "Salama, mama." Basi, yamekwisha mpaka kesho. Wote wawili walikuwa watu wema, ila kila mmoja alimwogopa mwenzake kwa adabu.

Jumatatu Dokta alivaa koti lake jeupe kuukuu, akaazima spana kwa fundi pikipiki wa pale kona, akaanza. Kufungua ni raha, nani asiyejua? Boneti ikatoka, tangi likatoka, kabureta ikatoka, mkanda ukatoka, na kila nati, kila bolti, kila kispringi akakitupia ndani ya ndoo moja. Ikafika saa ya kula, trekta limebaki mifupa. Dokta akajiona fundi.

Jumatatu ya pili alisimama mbele ya ile ndoo, akachungulia. Bolti zilikuwa zimejaa, kila moja na urefu wake, na hakukumbuka hata moja imetoka wapi. Fundi pikipiki alipita, akaangalia, akauliza kwa upole, "Ulipiga picha kabla ya kufungua?"

Dokta akaitazama ndoo. Fundi akajaribu kuzungusha injini kwa mkono, ikagoma katakata.

"Pistoni imeganda," alisema. "Toa plagi, mimina mafuta kwenye tundu lake, halafu uiache wiki nzima. Usiiguse. Ukiilazimisha utaivunja." Akaenda zake, na alipopinda kona akasikika akicheka.

Dokta akakaa chini, kwenye udongo mtupu, yeye na koti lake jeupe. Hapo ndipo sauti ilipotoka barazani.

"Baba, hebu niletee hiyo ndoo. Na sinia."

Alinyanyuka kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Bibi akamwaga kila kitu kwenye sinia, akaweka magotini, akaanza kuchambua kama anachambua mchele. "Hizi nne za boneti. Hizi mbili ndefu, zile ulizozipiga nyundo ukaniangalia uone kama nimesikia ulichosema, ni za kiti. Haka kaspringi kalikorukia pale kwenye maua ukakatafuta kwa magoti, ni ka kabureta. Hii sijui."

Macho yalimtoka Dokta. "Mama, umejuaje?"

"Si mmeniweka hapa kama chungu cha maua? Jumatatu nzima nilikuwa natazama nini kingine?"

Dokta aliangua kicheko, halafu akakumbuka anacheka mbele ya mama mkwe, akaziba mdomo. Lakini bibi naye alikuwa anacheka, mabega yakimtikisika, na zile bolti zikilia kwenye sinia.

Tangu siku hiyo wakala njama. Jumatatu na jioni, nesi akiwa zamu, bibi alihamisha kiti chake kutoka barazani mpaka kando ya trekta. Waliosha vyuma kwa mafuta ya taa ndani ya karai. Walipiga msasa. Dokta alikuwa na mkono wa kinyozi, mwepesi na wenye subira. Matundu madogo ya kabureta aliyazibua kwa waya mwembamba na ile brashi ya kufutia nywele shingoni. Bibi alikuwa na subira ya aina nyingine. Kila Dokta alipojipitisha karibu na injini ili ajaribu kama imelegea, alisikia nyuma yake, "Baba! Wiki haijaisha," naye anarudisha mkono kama mwizi.

Na walizungumza. Bibi alimsimulia jinsi alivyokuwa akiwakata ng'ombe kwato, jinsi binti yake alivyokuwa akimfunga mbwa bandeji angali hajajua kusoma. Dokta naye, akiwa amelala chali chini ya trekta ambako ni rahisi kusema mambo, alimsimulia kuhusu dirisha la wodini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu. Bibi akasema, "Nipe huo msasa mwembamba. Kiti chake kiwe laini."

Siku waliyofumaniwa, nesi alikuwa ametoka kazini mapema. Alifungua geti, akamkuta mama yake ana grisi mpaka kwenye viwiko, amepiga goti, anashikilia gurudumu huku mume wake akikaza nati.

"Mama! Inuka! Na wewe, mume wangu, huna akili? Akianguka tena?"

Dokta akaweka spana chini. Bibi alishika gurudumu, akainuka mwenyewe, polepole, bila kupewa mkono, akasimama wima.

"Mwanangu, nitazame. Mguu umepona. Nimekaa kwenye kile kiti mpaka mito imeshika umbo langu. Unanipenda, najua. Lakini unanitunza kama nimeshakufa na unaogopa nisiharibike."

Nesi alikaa kwenye karai lililopinduliwa, akalia kilio kifupi cha mtu aliyechoka, akafuta uso kwa kofia yake ya kazi. Akamtazama mama yake tena, na safari hii alimtazama kama nesi: rangi nzuri, pumzi nzuri, mgongo umenyooka. Miezi mingi hakuwa amemwona hivyo.

"Hayo mafuta mnayaingizaje kwenye hilo tundu?" aliuliza mwishowe, akionyesha kopo la mafuta kando ya tundu la plagi.

"Kwa kijiko," Dokta alisema.

"Kijiko!" Kesho yake akawaletea bomba la sindano kutoka duka la dawa.

Injini iliachia asubuhi moja, taratibu, kama mtu anayeamka. Dokta alishika puli, lile gurudumu dogo la mkanda wa injini, kwa mikono miwili, ikazunguka, na ndani ikasikika pumzi, fyuu. Walikumbatiana, yeye na mama mkwe, halafu kila mmoja akarudi nyuma hatua moja kwa aibu, halafu wakakumbatiana tena. Fundi pikipiki aliletwa kushuhudia. Hakucheka. Alivua kofia, akazungusha puli mwenyewe, akasema, "Loo," na kuanzia hapo akawa anawasalimia wote wawili kwa jina la "mafundi".

Rangi nyekundu alipaka Dokta, kwa tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, akipiga msasa kila likikauka, mpaka ungeweza kunyolea ndevu kwenye boneti badala ya kioo. Visu vya kukatia waliviondoa, viwekwe baadaye. Tairi zikajazwa. Tangi likafungwa, na mpira mpya wa petroli, ule mweupe unaoonyesha ndani.

Jumatatu ya kuwasha, mtaa ulikuwa umeshapata habari. Watu walijaa getini. Dokta alivaa koti lake zuri kuliko yote. Akavuta kamba ya kuwashia: kimya. Akavuta tena. Akabadilisha mkono. Akavuta mpaka koti likalowa jasho na nywele zake, ambazo hakuna aliyewahi kuziona zimekaa vibaya, zikasimama kila upande. Mtu mmoja getini akakohoa, kile kikohozi cha anayetafuta pa kufichia kicheko. Bibi alikagua plagi: sawa. Fundi pikipiki akakagua waya: sawa. Dokta alihisi uso unawaka. Alianza kujiambia kwamba watu wazima wana mambo yao, na wengine walizaliwa kunyoa tu.

Nesi alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani. Akainama, akatazama ule mpira mweupe kwa jicho alilotazamia mipira mingi maishani.

"Dripu haishuki," alisema.

"Nini?"

"Dripu yenu. Haishuki. Mmefungua?"

Akanyoosha kidole, akageuza kikoki kidogo chini ya tangi, ambacho katika shangwe yote hakuna aliyekikumbuka. Petroli ikateremka kwenye mpira, safi, mbele ya macho ya wote.

Dokta alivuta kamba mara moja. Injini ikakohoa, ikatema wingu la moshi wa bluu, ikasita, kisha ikashika: tuk, tuk, tuk, tuk-tuk-tuk-tuk, na ardhi ikatetemeka kidogo chini ya viatu. Watu walilipuka. Fundi pikipiki alirusha kofia. Nesi alikuwa anaruka na mikono juu, yule mwanamke wa maneno machache, akipiga kelele, "Imeshuka! Imeshuka!" Na Dokta alisimama katikati ya moshi, doa jeusi kwenye koti jeupe tangu kola hadi mfuko, na hakulifuta.

Akakifuta kiti tu. Kila mtu alidhani anakwenda kupanda. Badala yake akageuka, akainama kidogo.

"Mama. Karibu."

"Mimi?" Bibi alimtazama binti yake. Nesi akatikisa kichwa kukubali. Bibi akapanda, akapanga khanga yake vizuri, akashika usukani.

"Breki ipo?"

"Ipo, mama. Nimeifunga mimi mwenyewe."

"Ndiyo maana nauliza."

Akaachia klachi. Trekta likaruka kidogo, likatulia, likatoka getini kwa mwendo wa mtu anayetembea, na watu wakapisha njia. Alikwenda mpaka mwisho wa mtaa, mgongo umenyooka, akijibu salamu kwa kidevu, akageuza, akarudi. Halafu akampisha mkwewe. Dokta alizunguka uwanja wa mpira mpaka petroli ikakaribia kuisha, bila visu na bila nyasi zozote kukatwa, na uso wake ulikuwa wa mtoto.

Siku chache baadaye mtunza bustani alikuja kunyolewa akiwa na habari nyingine: kuna shule ina trekta kama lile, la kijani, halina magurudumu ya mbele, limegeuzwa kibanda cha kuku. Dokta alisema itabidi aulize nyumbani. Nyumbani hakumaliza hata sentensi. Nesi aliuliza lina upana gani, ili ajue kama litapita getini. Jumatatu walikwenda kuliona, wote watatu, bibi ametangulia mbele kwa hatua ndefu, na mkobani mwake, kati ya leso na miwani, kulikuwa na spana yake mwenyewe.