Tanipu Ngumu za Januari

Mwanamke anayetupikia karamu ya kila Januari katika ukumbi wa kijiji hukata tanipu, mizizi minene ya kupika kama viazi, akiwa amesimama, maana zile za njano ni ngumu kama gogo. Kila akimaliza moja huegemea meza, huvuta pumzi, kisha huchukua nyingine. Ukimwambia, "Mama, nikusaidie," hujibu, "Wewe utazikata kama unalisha ng'ombe," na kisu hakitoi.

Mwaka huu alipokwisha kuziponda kwa siagi na pilipili manga, na viazi pia, aliketi kwenye benchi karibu na mlango. "Napumzika kidogo tu," alisema. Tulipokuwa mezani tukingoja hagisi, yaani tumbo la kondoo lililojazwa nyama, iingizwe kwa zumari, kama ilivyo desturi, tulimwona amelala, mwiko mkononi. Lachie mpiga zumari akatokea, mashavu yamejaa. Alipomwona, akaiachia pumzi polepole puani.

"Nikipuliza ataamka," alinong'ona.

"Basi usipulize," akasema mzee Farquhar, ambaye hugombana na kila anayegusa desturi.

Hagisi ikapitishwa mbele yake kimyakimya, wabebaji wakinyata. Tukala tanipu zingali moto, tukiombana chumvi kwa ishara.