Kiganja cha Fundi

Fundi wangu hapa Toledo hupima injini kwa kiganja, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa, huku anaimba puani. Mimi nilidhani ni ujasiri. Gari la marehemu mume wangu Delbert, lile la mwaka sitini na tisa, asubuhi huwaka vizuri. Likishapata moto ukalizima, haliwaki mpaka lipoe. Mwanangu Wendell ameapa kwamba likigoma leo analiuza, nami nimemwambia aniuze mimi kwanza.

Tumelizungusha mtaani, tukarudi, tukalizima, likagoma kuwaka hapa hapa uani. Fundi akaingia chini, nami nikainama kumwangalia. Kiganja chake kilikuwa kimetulia juu ya bomba la moshi.

"Starta imebanana na bomba, mama. Inapikwa. Nikiikinga kwa bati gari litawaka." Kisha akanusa. "Mama, umeacha nyama jikoni? Inaungua."

Sikuwa nimepika kitu.

"Toa mkono huo, we mwanamume!"

Akautazama kama wa mtu mwingine, akaipoza starta kwa tambara la maji, akafunga bati kwa mkono ule ule. "Washa sasa."

Likanguruma mara moja. Wendell akapiga kelele za furaha. Mimi nikalizima, nikamburuta fundi mpaka kwenye mfereji, nikafungulia maji juu ya kiganja chake.

"Haya maji, mama," akauliza, "ni ya baridi au ya moto?"