Nilikataa Vizuri Mno

Kwetu Tezo mgeni akikaribishwa chakula husema kwanza, "Nimeshiba." Hata kama hajatia kitu tumboni tangu jana, atasema hivyo hivyo. Mwenyeji naye hujifanya hakusikia, humshika mkono akamvuta mpaka jamvini, na hapo ndipo mtu hula kwa heshima yake. Anayeketi kwa mwito wa kwanza huitwa mlafi, na sifa hiyo humtangulia kila harusi aendayo.

Kanisani kwetu mambo ni hayo hayo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayeutaka uongozi waziwazi haupati. Mzee aliyetuongoza alipoishiwa nguvu za miguu, mwanawe alimchukua akaishi naye Mtwapa, na kanisa letu la mabati likabaki bila mkubwa. Nilijua watakuja kwangu. Waende kwa nani mwingine? Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wao kila Jumapili, na mimi ndiye niliyeitwa kusema kwenye mazishi. Niliutaka uongozi ule. Naandika wazi hapa kwa sababu sijapata kumwambia mtu: niliutaka tangu usichana wangu, kama wenzangu walivyotaka waume.

Wakaja wazee wawili pamoja na mama anayewaongoza wanawake wa kanisa. Nilikuwa nimefagia uwanja na kukaanga mahamri. Walipokwisha kunywa kikombe cha kwanza, yule mama akasema, "Mwalimu, tumeomba, na wewe ndiwe uliyetujia moyoni."

Nami, kwa adabu ya kwetu, nikakataa. Lakini sikukataa hivi hivi. Nikamleta Musa mbele ya kile kichaka cha moto, anamwambia Mungu kwamba yeye si kitu, ulimi wake ni mzito, atumwe mtu mwingine. Nikasema, ikiwa Musa alijiona hafai, mimi ni nani? Hapo nikaishusha sauti. Yule mama akajifuta machozi kwa upindo wa leso yake. Nikauinamisha uso, nikangoja mkono wa kunivuta jamvini.

Mkono haukuja. "Tumekusikia, mwalimu," mzee mmoja akasema. "Mungu akubariki." Wakamaliza mahamri yangu wakaaga. Nilibaki mlangoni na ndiyo yangu mdomoni, nikiwatazama wanavyokata njia ya mikorosho kuelekea kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu ni mfugaji wa mbuzi na ana kigugumizi. Alipozaliwa alipewa jina la babu yetu, na kwa desturi yetu baba akawa anamwita "baba" tangu yuko kwenye mbeleko. Nakumbuka nimetua ndoo kichwani, nimechoka, huku baba yangu mzazi akikiamkia kwa heshima kitoto kisicho na jino hata moja. Wivu wangu ulianzia hapo. Sikuuokota ukubwani.

Nilikuwa ulimi wake. Tukitumwa dukani kwa Mhindi, Kilifi mjini, yeye alishika kanga yangu, mimi nikaagiza. Siku moja akatumwa sukari peke yake. Neno likamkwama. Na mdogo wangu neno likimkwama hulitupa, akashika jingine lolote lililo karibu, mradi litoke. Akarudi na chumvi, na peremende mkononi. Mwenye duka alimpa kwa kumwonea huruma. Chai tuliinywa bila sukari siku ile, na baba akacheka. Mimi niliagiza vizuri miaka yote na sikuwahi kupewa peremende.

Basi wazee wakamwambia yeye maneno yale yale waliyoniambia mimi. Akakataa. Wakarudi. Akakataa tena. Akamwachia mkewe mbuzi, akakimbilia kwa mjomba wetu kule Muyeye, na wazee wakamfuata huko huko Malindi, kwa nauli yao. Kwangu walishindwa kugeuka pale mlangoni, miguu yao ikiwa bado juu ya mkeka wangu! Niliposikia hayo roho iliniuma hata chakula kikanishinda.

Siku aliyorudi alikuja kwangu moja kwa moja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Ni-nisaidie. Nenda u-uwaambie siwezi. We-wewe ndiwe unayejua kusema."

Hakujua ananipa nini. Sikungoja jua lipoe. Nilijifunga leso nikaenda kwa yule mama, nikawakuta wazee wote wamekaa, na nikasema kwa niaba ya ndugu yangu. Nikawaambia watamtesa bure, watu watamcheka, kanisa litadorora. Nilisema kwa moyo wangu wote, maana safari hii kila neno lilikuwa la kweli.

"Hata Musa alikuwa mzito wa kusema," mama akanijibu. "Si wewe uliyewafundisha watoto wetu?"

Hapo uvumilivu ukanishinda. "Mimi nilipokataa mbona mlikubali upesi hivyo?"

Akanitazama, na niliona kwamba ameshangaa kweli. "Mwalimu, wewe ulikataa vizuri mno. Maneno yalipangika hata hatukuona pa kukushika. Huyu nduguyo alikataa akitetemeka, chai ikamwagika mapajani. Tukasema, huyu ndiye aliyeitwa." Kisha akanipapasa goti kwa wema. "Na wewe utakuwa Haruni wake."

Haruni! Habari zake nazijua kuliko wao wote. Imeandikwa kwamba alipokwenda kumlaki nduguye alifurahi moyoni, na mahali hapo sikuzote niliwapitisha watoto mbio mbio. Kaka mkubwa, mwenye ulimi wake, abaki Misri na watumwa wenzake huku mdogo akilelewa kwa mfalme, halafu siku ya siku aambiwe, njoo uwe kinywa cha mwenzio. Na afurahi? Kama alifurahi, Mungu amlipe. Mimi sikufurahi.

Jumapili ya kumsimika nilikaa kiti cha mbele. Mwenyewe aliniomba nikae pale, nimmalizie maneno kama zamani. Nilimwambia sawa, na moyoni nikaapa sitamsaidia hata kwa herufi moja. Nilitaka wamwone.

Wakamwona. Alisimama, akashika ukingo wa meza, akakwama kwenye salamu. Nikawatazama watu. Wale wanaojipepea kwa vitabu vya nyimbo kila nikisema waliviweka mapajani. Wamama walinyamazisha watoto kwa ziwa. Kanisa zima liliinama mbele kidogo, kana kwamba neno lile ni mzigo na kila mmoja ameshika upande wake. Mimi wamenisikiliza miaka na miaka. Hakuna aliyewahi kuningojea.

Salamu ikatoka. Akaendelea polepole, akafika kwa Musa.

"Ha-habari hizi," akasema, "sikuzisoma. Ni-nilifundishwa, nikiwa mdogo. A-aliyenifundisha ni d... ni d..."

Akanitazama. Watu wote wakanigeukia, wengine wameshaanza kutabasamu. Neno lenyewe lilikuwa fupi na nililijua. Nimemmalizia magumu kuliko hilo tangu utoto wetu. Lakini hilo singeweza kumpa. Hilo nilitaka nipewe mimi. Kiapo changu kikanitoka kichwani. Niliinama mbele kama wao, nikashika leso yangu kwa mikono miwili, nikamngoja.

"Ni d... d..." Jasho likamteremka shavuni. Akafumba macho.

Kisha akalitupa, akashika jingine lililo karibu.

"Ni Mungu," akasema.

"Amina!" kanisa zima likaitika. Nami nikaitika, kwa sauti hii nzuri niliyojaliwa, ikapanda juu ya sauti zao zote.