Fyuzi ya Feni ya Tatu

Kila mtu kiwandani alijua fyuzi ya feni ya tatu iko wapi. Iko kifuani mwa Mama Theuri, imefungwa kwenye leso pamoja na ugoro wake, na huko hakuna mwanamume angethubutu kuingiza mkono.

Jina lake la kuzaliwa ni Wachuka. Shule hakuiona. Uhuru ulipokuja alikuwa mjane tayari, na kiwanda cha majani chai kilipojengwa juu ya Nyeri, upande wa msitu, kokoto za msingi alizibeba kwa mgongo wake. Kwa hivyo mtu asimwambie kiwanda ni cha nani.

Kazi yake ilikuwa kwenye vitanda vya wavu, vile virefu vya kunyaushia majani. Chini ya kila kitanda kuna chumba cha bati, na mdomoni mwa chumba hicho feni kubwa kuliko gurudumu la lori, inayosukuma hewa ya moto ipande kupitia majani mpaka yalegee. Kabla ya kuwasha, Wachuka alizungusha mapanga ya feni kwa mkono akisikiliza kama beringi inalia. Alivuta mkanda kuona kama umelegea. Halafu akagonga bati kwa kijiti na kuita, "Kuna mtu? Toka." Feni ikishawaka, aliweka kitambaa chepesi juu ya wavu aone kama upepo unapanda sawa. Lakini kuita ndiko kulikuwa na maana kuliko yote.

Kwa sababu mwezi wa Julai, ukungu ukikaa wiki nzima, wanawake waliingia mle ndani. Feni zikizimwa ili vitanda vifagiliwe, bati hubaki na joto. Mama mwenye mtoto mchanga anyonyeshe wapi tena, kwenye baridi ya uwanjani? Walikula githeri yao humo, wakasinzia. Mwaka mmoja msimamizi wa zamani aliwasha feni ya tatu bila kuita. Mmoja wao, Wacera, alitoka mkono wake wa kulia umebaki na vidole viwili. Wakubwa wakasema ni uzembe wake.

Wachuka alienda kuomba chumba cha wanawake, hata cha mabati tu. Akaambiwa angoje. Alingoja mpaka akachoka, ndipo akang'oa fyuzi; haikurudi mahali pake mpaka mtu aite kwanza.

Msimamizi mpya alikuwa Moffat, ndugu mdogo wa marehemu mumewe, mtu aliyekua akila kutoka chungu cha Wachuka. Alasiri moja ya ukungu lori zilichelewa kutoka vituo vya kukusanyia majani, na majani yakaanza kupata moto ndani ya magunia.

"Mama Theuri, leta hiyo fyuzi."

"Umeita?"

"Nimepiga kengele. Kila mtu amesikia."

"Mtu amelala ndani ya bati na mtoto hasikii kengele. Umeita?"

"Ati niimbie feni kama kwaya?"

Wanawake wakacheka.

"Imba basi," Wachuka akasema. "Sauti uko nayo. Jumapili tunakusikia ukiitisha sadaka."

Wakacheka zaidi, na Moffat akavimba shingo. Alifungua kimlango cha bati, akaingia na tochi, akatoka na utando wa buibui kwenye kofia.

"Hakuna mtu. Hata panya. Majani yanaoza kwa sababu ya kichwa ngumu ya mwanamke mmoja."

Safari hii walimcheka Wachuka. Hata Wacera alicheka, amejifunika mdomo kwa vile vidole viwili. Hicho kicheko kilimchoma Wachuka kuliko maneno yote ya Moffat.

"Leo hakuna," akasema. "Na kesho?"

"Kesho wewe hauko hapa. Toa fyuzi, uchukue kiondo chako."

Alifungua leso taratibu, akamwekea fyuzi kiganjani, ingali na joto la kifua chake. Akachukua kiondo. Hakuaga mtu.

Swichi ziko ukutani, mbali, na ukisimama pale kimlango hukioni. Moffat akatia fyuzi. Akashika swichi. Wanawake walikuwa wametawanyika kufuata magunia, na hakujua tena nani yuko wapi. Mkono ukabaki pale pale.

Akaiacha swichi, akarudi, akaokota kile kijiti.

"Kuna mtu?" akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa.

"Kwa nguvu, shemeji," Wachuka akasema kutoka mlangoni. "Mwenye usingizi hasikii hivyo."

Moffat hakugeuka. Aligonga bati mpaka vumbi likaanguka. "Kuna mtu? Toka."

Hakutoka mtu. Alirudi ukutani, na feni ikaanza kunguruma.

Wachuka hakungoja kuona kama upepo unapanda. Alikuwa hana kazi, na hasira yake aliibeba yote, hakumwachia Moffat hata tone.

"Na kijiti changu," akasema, "kirudishe mahali pake."